Kuliwa siyo kunakomfanya mtu aache kubeti

Haya jamani, wa nyuma kama hamnisikii pungeni mkono. Nimeombwa niongelee kitu kimoja, mtu anayebeti kila siku kwenye simu ni nini hasa kinamsukuma aache, na najua jibu mlilokuja nalo: akiliwa sana, yaani hela zake zikipotea kwenye kubeti, ataacha mwenyewe. Aisee hapana. Akiliwa ndo kwanza anarudi, maana kichwani mwake ile hela haijapotea, iko kule kwa kampuni inamsubiri aikomboe. Mkeka, yaani ile tiketi ya kubetia, wa timu kumi umechanika kwa timu moja, na hiyo moja imesawazishiwa dakika ya 90, mwenzenu hapo haoni kaliwa, anaona alikaribia! Na kindege, ule mchezo wa kubeti ndege inavyopaa kwenye simu, ndo balaa kabisa, raundi nyingi hazimalizi hata dakika, utajuta saa ngapi?

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walitoa toleo la 5 la mwongozo wao wa magonjwa, wakaihamishia kamari kundi moja na pombe na madawa, na kati ya dalili walizoandika ipo hiyohiyo, kurudi kufukuzia hela uliyoliwa. Kwahiyo hasara peke yake haitoshi, mara nyingi ndo petroli yenyewe.

Sasa kinachowagusa ni nini? Wanaokuja kwetu kutaka kuacha, wakianza kusimulia wanaanza na hela kweli, wanataja laki hivi laki vile, lakini ukiwaacha waongee, baada ya muda anaacha hesabu anakuambia mke wangu alipiga simu shuleni akaambiwa ada haijalipwa, au nilikuwa mweka hazina wa kikoba sasa nikiona simu ya mwenyekiti sipokei. Hapo ndo sauti inabadilika. Uongo umemchosha. Kila hela ikiingia, Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, wanakata chao, halafu anatunga stori nyingine nyumbani, na anajua jana alitunga tofauti.

Ndugu tunaharibu kwa njia mbili. Moja tunamlipia madeni kimyakimya, yaani tunamtolea mzigo uleule uliokuwa unaanza kumfikirisha. Ya pili ni kumgombeza. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa William Miller, mwaka 1983 aliandika kuhusu wanywaji pombe, kwamba ukimbana mtu na hoja za kuacha yeye anabaki kutetea kunywa, na kadiri anavyotetea ndo anavyozidi kujiaminisha. Mambo ni yaleyale kwenye mikeka, mwambie "acha" uone, atakutajia jirani aliyekula milioni 3. Muulize taratibu, hivi hii kitu inakupa nini na inakukosesha nini? Akisema raha au matumaini usimkatishe, kweli anapata hivyo vitu, muache amalizie na upande wa pili kwa mdomo wake.

Na ile hamu ya kuacha ina muda wake jamani, usiku baada ya kuliwa iko juu sana, ikifika Jumamosi saa nane mechi zinaanza haipo. Kwahiyo ikiwepo itumie palepale kwa kitu ambacho kukirudisha ni usumbufu: iandikie kampuni ifunge akaunti yako, jitoe kwenye magrupu ya Telegram ya wauza mikeka (hao kama wana uhakika hivyo mbona wanauza, si wabeti wenyewe), laini yenye hela mpe mtu unayemheshimu. Kufuta app tu haitoshi, kuirudisha ni dakika mbili.

Ndiyo dada, nimekuona. Anauliza amnyang'anye mume wake simu? Akikuletea mwenyewe pokea, na mkubaliane kabisa utamrudishia lini na ya matumizi utampa kiasi gani. Ukimnyang'anya atasajili laini nyingine kesho, na wewe hutaijua namba.