Siku ya tatu si siku ya mapepo

Wababa na wamama, narudia lile ninalolisema kila mara: mtu anayekunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kila siku tangu asubuhi, msimkatishe pombe ghafla na kumfungia mlango. Najua mnafanya kwa upendo. Lakini hesabuni saa pamoja nami.

Kikombe cha mwisho kilikuwa jana saa mbili usiku. Alfajiri mikono inatetemeka. Mpe chai, inamwagika kabla haijafika mdomoni. Jasho linamtoka katika baridi hii ya Bukavu, moyo unakwenda mbio, anatapika. Pombe hutuliza ubongo, nao ubongo umejifunza kwa miaka kuisukuma kinyume. Ni watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani, yule nje: mmoja akiachia ghafla, mwingine anaanguka na mlango wake. Ndani ya saa 48 za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kati ya saa 48 na 96 ndipo homa inapanda, hajui yuko wapi, anachuna wadudu wasiokuwepo kwenye blanketi.

Hapo wanaitwa waombezi. "Anaongea na watu tusiowaona!" Ndiyo, na mapigo ya moyo yanapita 100 kwa dakika, mshike kifundo cha mkono uhesabu mwenyewe. Maombi simkatazi mtu. Mwombeeni mkiwa njiani kwenda hospitali, maana hali hii isipotibiwa inaweza kuua. Na aliyewahi kuipata, safari nyingine huja kali zaidi.

"Kwa hiyo tumpe pombe?" Mpaka afike kwa munganga wa hospitali, apunguze kidogo kidogo, asikate. Kifafa kikimshika, mlazeni ubavu; kijiko msimtie mdomoni.

Hospitalini atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, miligramu 10 hadi 20 kwa mdomo, ikirudiwa kwa kufuata dalili. Ini likiwa bovu, dozi inashuka. Msiinunue wenyewe: ikikutana na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Na ile seromu ya glukozi, maji ya sukari ya kutundikiwa mshipani, mnayoidai sana! Kwanza vitamini B1, ndipo sukari. Mlevi wa miaka mingi ana B1 chache, na sukari inaimaliza: macho yanacheza, miguu inayumba, kumbukumbu inapotea, pengine isirudi tena.

Mkifika kituoni, mwambieni munganga kwanza saa ya kikombe cha mwisho. Iandikeni kabla ya kutoka nyumbani.