Windows, Mac na Linux: watani wa jadi wanagombania nini?

Asanteni sana. Wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo.

Mwenyekiti wa klabu yenu aliponipigia simu aliniomba nije nimalize ubishi wa mifumo inayoendesha kompyuta: Windows, Mac na Linux. Aliniambia kwenye chumba chenu cha kompyuta kuna watu hawasemezani vizuri tangu mmoja aliyenunua MacBook ya mtumba aseme Windows ni ya washamba, na mwingine wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, akawajibu wote wawili kwamba wamefungwa minyororo na wanaifurahia. Ubishi huo siwezi kuumaliza, na niwe mkweli, sitaki uishe. Nimeishi nao karibu miaka ishirini, tangu nikiwa fundi wa kibandani Kariakoo. Kitu kimoja nimejifunza: mtu anapoitetea Windows, Mac au Linux mpaka mishipa ya shingo inamtoka, anatetea saa zake. Anatetea zile jioni alizokaa peke yake akihangaika mpaka akaelewa.

Niwaeleze nilivyofika hapo.

Mwaka 2008 nilikuwa na meza moja, viti viwili na mashine ya Pentium 4 isiyo na mfuniko wa pembeni, ili ipate hewa. Kazi iliyoniweka mjini ilikuwa kupiga Windows, yaani kuiweka upya kwenye mashine. Mteja anaingia: "Fundi, mashine imekuwa nzito, nipigie Windows." Unaweka CD, unasubiri, unamalizia na antivairasi, unachukua chako. Kwa hiyo mimi nilikuwa shabiki wa Windows damu damu. Aliyeisema vibaya alikuwa anagusa ugali wangu.

Jioni moja nimeshaanza kufunga akaja mama mmoja, mwalimu wa sekondari. Nikamwamkia, akaitika, akanipa flashi imefungwa kwenye kitambaa kama kidani cha dhahabu. Ndani yake kulikuwa na utafiti wake wa shahada, aliyokuwa anaisoma jioni baada ya vipindi. Nikaichomeka. Ukiangalia nafasi iliyotumika, flashi imejaa. Ukifungua, folda hazifunguki, maana hazikuwa folda tena. Wale virusi wa miaka ile mnaowasikia kwa kaka zenu walikuwa wamezificha folda za kweli, na mahali pake wamekaa vifaili vyenye sura ya folda. Ukikibofya kimoja, na mashine yako nayo imeambukizwa. Nilijaribu antivairasi ya kwanza, haikuona kitu. Ya pili ikaona kila kitu ni kibaya, ikataka kufuta vyote.

Kwenye droo nilikuwa na CD niliyopewa na kijana wa chuo, ambayo sikuwahi kuitumia. Ilikuwa Ubuntu. Miaka ile ulikuwa unajaza maombi kwenye intaneti, wanakutumia CD kwa posta mpaka mlangoni, bure, hata stempu wamelipa wao. Nikaiweka, nikawasha mashine kwa CD hiyo. Ikatokea skrini ya rangi ya kahawia yenye picha ya ndege mwenye shingo ndefu. Nikafungua flashi. Folda zote zipo. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, viambatisho. Linux haikujali ile alama ya kuficha ambayo virusi waliiweka, na vile vifaili vya uongo vilikaa tu pale, havina la kufanya, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya Windows.

Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikapata mori. Nikamwambia, "Mwalimu, ngoja nikuwekee hii hii nyumbani moja kwa moja. Ni ya bure, na shida kama hii hutaiona tena." Akaiangalia ile skrini kwa muda. Akauliza, akikitafuta kile kitufe cha Windows cha kufungulia programu, "Start iko wapi?" Nikamwonyesha menyu juu kushoto, nikamwambia hiyo ndiyo Start ya huku. Akanyamaza, halafu akasema: "Baba, mimi kushika kipanya nimejifunza nina miaka arobaini na sita. Walionifundisha ni wanafunzi wangu, na walinicheka. Start ndiyo ninayoijua. Usininyang'anye."

Sikumwekea. Lakini lile neno, usininyang'anye, sijalisahau.

Na sasa sikilizeni lililofuata. Oktoba 2012 Microsoft walitoa Windows 8. Kitufe cha Start wakakiondoa kwenye kona yake, mahali kilipokaa tangu Windows 95 ya Agosti 1995. Badala yake ikaja skrini nzima ya vigae vya rangi, iliyofikiriwa kwa ajili ya kuguswa kwa kidole. Mwaka uliofuata mama yule akaja na laptopu mpya kabisa, zawadi ya watoto wake, akaiweka mezani akaniuliza swali lile lile: "Baba, Start wameipeleka wapi?" Safari hii aliyemnyang'anya ni timu yake mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Kelele zilizopigwa dunia nzima zilikuwa kubwa mpaka Oktoba 2013, kwenye Windows 8.1, kitufe kikarudishwa. Na msidhani ni watu wa Windows tu. Mwaka 2010 Ubuntu walihamisha vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha kutoka kulia kwenda kushoto. Vitufe vitatu vidogo, vimesogea upana wa skrini moja! Watu wa Linux, wanaojisifu kwamba wao wanaweza kubadilisha chochote wanachotaka, walikasirika kama waliovunjiwa nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa. Hasira kali kuliko zote katika ushabiki huu haimwendei mpinzani. Inamwendea wa kwenu anayegusa mazoea yako bila kukuuliza. Vidole vina kumbukumbu. Aliyezoea kunakili kwa Ctrl na C kwa kidole kidogo cha pembeni, mpe Mac ambayo kitufe cha Command kipo kando ya kibao cha nafasi, kinachotaka kidole gumba, utamwona anavyohangaika. Mtu huyo anaijua kazi yake vizuri. Vidole vyake ndivyo vilivyopotea njia.

Sasa niende Boston, maana tukio moja la huko nimelitazama kwenye video mara nyingi.

Ilikuwa tarehe 6 Agosti 1997. Ukumbi umejaa watu wa Mac. Apple, watengenezaji wa Mac, mwaka ule ilikuwa inaelekea kufunga hesabu zake kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, aliyeondoka kwenye kampuni hiyo mwaka 1985, alikuwa ndiyo kwanza amerudi. Akapanda jukwaani akawatangazia kwamba Microsoft wataweka dola milioni 150 ndani ya Apple, kwamba wataendelea kutengeneza Office, programu zao za kazi za ofisi, kwa ajili ya Mac kwa miaka mitano, na kwamba kivinjari chao, Internet Explorer, ndicho kitakachowekwa kuwa chaguo la kwanza kwenye Mac. Ukumbi ukazomea. Halafu skrini kubwa nyuma yake ikawaka, akatokea Bill Gates, mkuu wa Microsoft, kwa njia ya setilaiti, uso mkubwa kama ukuta, na Jobs amesimama chini yake akionekana mdogo kama mtoto. Wakazomea tena.

Fikirieni waliokuwa wamekaa kwenye viti vile. Tangu Januari 1984 walinunua mashine za bei juu kuliko za wenzao. Walichekwa maofisini. Waliifuatilia kesi ambayo Apple waliifungua dhidi ya Microsoft mwaka 1988, wakidai Windows imeiga sura ya Mac, na wakaishuhudia timu yao ikishindwa mahakamani. Kwa kweli pande zote mbili zilikuwa zimechota kisima kimoja, maabara ya Xerox kule Palo Alto, ambako Jobs mwenyewe alikwenda mwaka 1979 akaona madirisha na kipanya. Lakini shabiki huwezi kumwambia habari za kisima. Saa zake zote zile, leo anaambiwa aliyemchukia ndiye mfadhili.

Jobs aliwaomba waiache fikra kwamba ili Apple ishinde, lazima Microsoft ishindwe. Ukumbi haukulipokea neno lile kwa furaha. Mimi nadhani kwetu sisi lingeeleweka haraka zaidi, kwa sababu tuna neno utani. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na Simba yenyewe ilizaliwa mwaka 1936 kwa kumeguka kutoka Yanga. Mtani anakuzomea hadharani, anakutoza faini ya uongo, anakuita mtumwa wake. Lakini ukipata msiba ndiye anayefika na kufanya kazi ambazo ndugu zako wa damu wanalia hawaziwezi. Wahehe na Wangoni walichinjana vitani, leo ni watani. Boston ya 1997 Apple ilikuwa na msiba, na mtani akafika. Hakufika kwa mapenzi matupu. Ugomvi wao wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, nao ulimalizwa siku ile ile, na hilo lilikuwa na faida kwake. Hata hivyo alifika, na mwaka uliofuata iMac ikatoka.

Upande wa Linux utani wa namna hii upo pia. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyetengeneza mfumo wa Minix kwa ajili ya kufundishia, aliandika wazi kwamba Linux imepitwa na wakati tangu kuzaliwa. Alimwambia Linus Torvalds, kijana wa miaka 22 pale Helsinki, ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, maana kwa muundo ule asingempa alama za juu. Torvalds akajibu kwa ukali. Na Torvalds huyo Linux yake aliianza akiwa anatumia Minix ya profesa! Kisha mwaka 2004 likatokea dai kwamba kijana hakuandika Linux mwenyewe, kwamba aliiiba kutoka Minix. Aliyesimama kumtetea hadharani ni Tanenbaum. Alisema kazi ile ni ya Torvalds. Ningetamani kila anayepigana na mwenzake humu ndani awe tayari kufanya hivyo siku mwenzake anaposingiziwa.

Nirudi kwenye ile CD, maana jina lake ni letu. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, na ukiliondolea kiambishi unabaki na mzizi ule ule wa utu na watu wetu. Aliyeuanzisha mradi ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Wanaotengeneza programu huweka orodha ya hitilafu za kurekebisha, na hitilafu namba 1 ya Ubuntu aliiandika Shuttleworth mwenyewe: kwamba Microsoft ndiyo imeshika sehemu kubwa ya soko. Hitilafu hiyo ilikaa wazi karibu miaka tisa, mpaka Mei 2013 alipoifunga. Aliifunga kwa sababu watu walikuwa wamehamia kwenye simu na tableti, ambako Windows haikuwa mtawala. Simu nyingi zilizoko mifukoni mwenu sasa hivi ni za Android, na kiini cha Android ni Linux. Ushindi ulikuja kwa mlango ambao hakuna shabiki aliyekuwa anaulinda.

Mwaka huo huo wa 2004, hapa Dar es Salaam, watu wa Chuo Kikuu walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nao wakaja na Windows ya Kiswahili. Mimi huu ndio ushabiki ninaoupenda kuliko wote: wa mtu anayekaa usiku akibishana na mwenzake neno la Kiswahili la kitufe liwe lipi, ili yule mama mwalimu akutane na lugha yake.

Lipo pia la kuogopa, nitalisema kwa ufupi. Mwaka 2001 mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, aliiita Linux saratani. Mashabiki waliibeba kauli hiyo miaka na miaka. Mwaka 2014 mkuu mpya, Satya Nadella, akasema Microsoft inaipenda Linux. Mwaka 2016 programu za Linux zikaanza kuendeshwa ndani ya Windows 10, na toleo la pili la kazi hiyo likaja na kiini chenyewe cha Linux. Kampuni ilipiga hesabu zake ikageuka. Waliobaki wamegombana na rafiki zao ni nyinyi. Kampuni ina bajeti ya mwaka mwingine. Nyinyi saa zenu hazirudi.

Kabla sijaingia humu nimepita kwenye maabara yenu. Mashine kumi na moja kati ya kumi na nne zina Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama. Mashine zenyewe ni za zamani, hazikubali Windows 11. Najua watu wa Ubuntu humu wameshafurahi. Lakini yupo mama wa ofisi ya usajili, nimeongea naye pale mlangoni, anayezitumia kila Jumatatu kuingiza alama zenu, na kazi hiyo ameifanya hivyo hivyo kwa miaka minane. Nawaombeni, kabla hamjapiga mfumo wowote mle, mmoja wenu akae naye Jumatatu moja nzima, aone anabofya wapi na wapi.

Nimeleta flashi tatu zenye mifumo ya kujaribia bila kugusa diski. Aliyenunua MacBook njoo ukae na huyu wa Ubuntu, mashine ile ya dirishani. Wengine, maswali.