Mkono Uliochora Hofu

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uhakiki wa tamthilia za kutisha, nami naanza na lawama: tunawasifu waongozaji na waigizaji, ilhali mchoraji aliyeizaa hofu ile hatumtaji hata jina.

Chukueni Tales from the Crypt, tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa na kituo cha HBO huko Marekani kuanzia Juni 1989 hadi 1996. Kila mtu anamkumbuka yule maiti mcheshi anayefungua kila kipindi kwa kicheko. Visa vingi vya tamthilia hiyo, hata hivyo, vilitoka katika magazeti ya katuni ya kampuni ya EC ya New York, ya miaka ya 1950 hadi 1955. Humo mwenyeji wetu hakuwa maiti, alikuwa mzee mwenye nywele ndefu nyeupe, na mkono uliomchora zaidi ulikuwa wa Jack Davis.

Tazameni jinsi walivyofanya kazi. Mhariri wa EC, Al Feldstein, aliandika hadithi moja kwa moja kwenye karatasi ya kuchorea, na maneno yakatiwa wino kabla mchoraji hajaletewa. Mchoraji alipata nafasi iliyobaki chini ya maneno. Katika nafasi hiyo finyu Graham Ingels, mchoraji mwingine wa EC, alichora vikongwe wenye mate yanayonata kati ya meno kama nyuzi, vidole vilivyopinda, nyama inayoning'inia usoni. Ukiitazama brashi yake unahisi unyevu! Sijaona kamera iliyofika hapo, na nasema hivyo nikiipenda sana tamthilia ile.

Mwenzao Johnny Craig alikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1954 alichora kisa cha mwanamke anayemuua mumewe mkesha wa Krismasi, huku nje kukiwa na mwendawazimu aliyevaa mavazi ya Baba Krismasi. Kuita polisi hawezi, maana maiti imo sebuleni. Hakuna jini wala mzuka. Mistari ya Craig ni safi, nyumba imepangwa vizuri, na usafi huo ndio unaokubana kifua: mahali pa kujificha hapaonekani. Robert Zemeckis alikiongoza kisa hicho hicho kwa HBO mwaka 1989, na humo kuna shoka, theluji na mapambano ya nje. Ni kazi nzuri, lakini hofu yake ni ya mbio. Ya Craig ni ya kufungiwa. Mhakiki asiyezitazama kurasa zile atadhani hofu ni moja.

Craig huyo huyo ndiye aliyechora jalada lenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa, ambalo Seneta Kefauver wa Marekani alimwonyesha William Gaines, mchapishaji wa EC, kwenye kikao cha Seneti cha Aprili 1954 kuhusu madhara ya katuni kwa vijana. Mwaka huo huo wachapishaji wa katuni walijiwekea kanuni zilizopiga marufuku wanyonya damu na maiti wanaotembea, na magazeti ya kutisha ya EC yakafa. Ingels aliachana na katuni, akaishia kufundisha uchoraji Florida, wala hakupenda kuulizwa habari za kazi ile. Linaniuma hilo. Bingwa aliona haya kwa ustadi wake, nasi tunaoandika leo bado tunaisifu tamthilia tukimruka.

Sasa tuzitazame kurasa zenyewe. Naomba taa zizimwe upande huu. Tunaanza na nyumba ya Craig, kisanduku cha kwanza.