Pikapu ya kwenye tangazo na mlima wa Mushaki

Jambo kwenu wote, bamama mko hapa mbele na nyie vijana mmejaa pale mlangoni, ingieni, nafasi iko. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema haya maneno kwenye garaji, hata kwenye matanga nimeshayasema, na leo narudilia juu wiki iliyopita wamekuja kwangu wafanyabiashara sita wa viazi, wamechanga pesa zao, wananionyesha video kwenye telefone, pikapu inavuta kitu kikubwa kama kanisa, wananiambia Papa, sisi tunataka hii. Nikawauliza mtabeba nini? Viazi. Mtavitoa wapi? Mushaki, kule milimani Masisi. Barabara mnaijua? Wakanyamaza kidogo, mmoja akasema, Papa, lakini umeona ilivyovuta?

Nimeona. Nimeiona mara nyingi kuliko wao, na ndiyo ninataka tuikalie leo.

Ile video ni ya Oktoba 2012, Los Angeles. Wamarekani walikuwa na chombo chao cha anga, Endeavour, kile kinaenda juu na roketi na kurudi chini kama ndege, kilikuwa kimestaafu, wanakipeleka kwenye makumbusho ya sayansi ya California. Kikapitishwa ndani ya mji, juu ya mtambo wa matairi mengi unaojiendesha wenyewe, polepole, watu wamejaa pembeni. Wakafika kwenye daraja la Manchester Boulevard, lile linapita juu ya barabara kuu ya 405, na pale ule mtambo na chombo pamoja vilikuwa vizito mno kwa daraja. Basi chombo wakakihamishia kwenye kigari chepesi zaidi, kigari wakakifunga nyuma ya Toyota Tundra, ile pikapu kubwa ya V8, moteri ya silinda nane. Vyote vilivyokuwa nyuma yake vilifika kama tani 132. Na Tundra ikavuka. Toyota wakaifanya tangazo, na mpaka leo kijana wa Birere, hapa Goma, anaijua kuliko anavyojua uzito wa gari ya baba yake.

Mtaniuliza, ni uongo? Hapana. Pikapu ilikuwa ya kawaida ya dukani na ilivuta kweli. Sasa chukua kitabu cha hiyo hiyo Tundra: kampuni inakuruhusu uvute tani 4 na kitu. Tani 132 kwenye tangazo, tani 4 kwenye kitabu, gari moja, kampuni moja! Na hakuna mahali walipodanganya. Hapo ndipo naumia roho, juu mtu akikudanganya unaweza kumkamata, lakini huyu amekuonyesha ukweli wa mahali pengine na wewe umeubeba mpaka Masisi.

Tuachane na V8, tuangalie chukudu, ile baiskeli ya miti ya kubebea mizigo, isiyo na moteri. Nyie wote mmeona mtoto wa chukudu anashuka kutoka Kibumba asubuhi na mapema, magunia yamepangwa mpaka mbele, goti lake moja liko juu ya kile kipande cha kandambili amekipigilia misumari, mguu mwingine unagusa lami kila mara, na kile kitu cha miti kinakuja kama upepo. Mtu mmoja na mzigo ambao wanaume watatu hawawezi kuunyanyua. Akifika mjini kwenye tambarare anausukuma peke yake, taratibu, anaongea na watu. Mlete sasa kwenye kimlima, hata kifupi. Atasimama, atapiga mluzi, watakuja watoto wawili kumsukumia nyuma, atawapa kitu kidogo. Mzigo ni ule ule na miguu yake ni ile ile, kilichobadilika ni barabara.

Hesabu yake ni rahisi, andikeni. Mzigo uliokaa kwenye matairi yake mwenyewe, kwenye barabara ngumu ya sawa, kila tani moja unaihamisha kwa nguvu ya kama kilo 10. Basi tani 132 zinataka nguvu ya tani moja na kitu tu, na pikapu ya zaidi ya tani 2, matairi yote manne yakishika lami kavu, nguvu hiyo inaipata, ikienda mwendo wa mtu anayetembea. Sasa inua barabara, kila mita 100 unapanda mita 10, na hapa kwetu hiyo hata hatuiiti mlima. Kila tani inakurudisha nyuma kwa kilo 100 zaidi. Tani 132 zinakurudisha kwa tani 13. Ile Tundra ingeshuka nyuma na chombo chake cha anga mpaka chini. Matairi yangelia tu.

Kuna mtu hapa ananiangalia kama ananiambia Papa unachukia Toyota. Sichukii, gari ninalolala nalo njiani ni Toyota! Ford nao mwaka 2019 walichukua pikapu yao F-150 ya umeme, ya majaribio, ikavuta mabehewa 10 ya treni, yale ya ghorofa mbili, halafu wakayajaza F-150 zingine 42 ikavuta tena, zaidi ya tani 560, mwendo wa kama mita 300. Watu wakapiga makofi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma! Hiyo ndiyo kazi ya reli, ilivumbuliwa ili kitu kizito kisukumike kirahisi, sasa unanisifia pikapu au unanisifia reli? Na wao wenyewe waliandika kwamba mzigo ule unapita mbali kile pikapu yoyote ya dukani inaruhusiwa. Nani anasoma maandishi madogo?

Uongo wenyewe, ule wa kamba, pia upo, na huo nauheshimu kidogo juu ulikamatwa. Nissan, Marekani, pikapu ya Frontier. Video imetengenezwa kama mtu amepiga na telefone yake, kuna kigari cha mchangani kimekwama kwenye mlima wa mchanga, Frontier inakuja mbio nyuma yake, inakisukuma mpaka juu, vijana wanapiga kelele. Ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ikachunguza, na Januari 2014 ikatangaza: gari zote mbili zilikuwa zinavutwa na kamba za chuma ambazo hukuziona, na mlima wenyewe ulipigwa picha ili uonekane mkali kuliko ulivyo. Nissan na kampuni iliyowatengenezea tangazo wakaamriwa wasirudie. Fikiria kijana aliyenunua Frontier yake, akaenda kwenye mchanga akijua inaweza.

Kuna tangazo moja nalipa haki yake, la Chevrolet la 2016. Ford walikuwa wameanza kutengeneza bodi ya F-150 kwa aluminiamu, Chevrolet wakachukua mawe ya bustani kama kilo 374, wakayamwaga na mashine kutoka juu, ndani ya pikapu yao Silverado ya chuma na ndani ya F-150. Ya chuma ikabonyea, ya aluminiamu ikatoboka. Hiyo inatuhusu sisi wa Goma, hapa mawe ya volkano ndiyo nyumba zetu na yanapakiwa kwa kurushwa. Lakini kumbuka anayechagua mtihani ni yule anayeuza. Hakukuambia F-150 imepungua uzito, na uzito uliopungua kwenye bodi unaweza kuurudisha kama mzigo. Na Silverado ya 2019 ilipotoka, milango, boneti na mlango wa nyuma vilikuwa aluminiamu.

Sasa tufike kwenye plaki, kile kibati cha uzito wa gari. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo au pembeni yake. Plaki za gari zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya mara nyingi zina mistari minne ya kilo: wa kwanza gari na kila kitu kilicho ndani, wa pili gari pamoja na remoki (trela) yake, wa tatu ekseli ya mbele, wa nne ekseli ya nyuma. Hizo namba hazina muziki wala mrembo pembeni, lakini ndiyo injinia amezisaini.

Afishi, ile karatasi ya tangazo, inakuambia inabeba tani moja. Sawa, plaki inasema 3,050, gari tupu ni 2,080, unabaki na 970. Watu wanasimama hapo. Ondoa shofere na wenzake wanne, wazima, kilo 350. Ondoa lile bomba la mbele umechomelea, chuma cha juu, tairi ya pili ya akiba, jeki, madumu ya mazutu (dizeli), sema 100. Umebaki na 520. Hayo ni magunia matano ya viazi ya kilo mia mia. Matano! Nyie mnapakia ngapi? Nimehesabu magunia 20 kwenye pikapu moja na mama watatu wameketi juu yake na mbuzi.

Mtaniambia Papa, mbona zinafika. Zinafika, ndiyo. Mwezi uliopita wameniletea moja kwa kuvuta, shofere anasema imevunjika ghafla, imepiga shimo moja tu. Nikatoa reso (springi) ya nyuma, nikaweka lame iliyovunjika, kile kipande chake bapa cha chuma, juu ya meza, nikawaita vijana wote waangalie ule mpasuko pale kwenye tundu la boliti ya katikati. Nusu yake ilikuwa nyekundu, kutu imeingia ndani kabisa, na nusu nyingine inang'aa kama sahani mpya. Ile nyekundu ilipasuka zamani, miezi, ilikuwa inatembea kila siku imepasuka, na siku ya shimo imekatika ile iliyobaki. Hakuna ghafla pale. Na mwenye gari aliinunua juu aliyemuuzia alimwonyesha video, akamwapia inabeba tani mbili bila shida.

Mzee mmoja kila mara ananiletea habari ya Hilux, pikapu ya Toyota, ya wale Waingereza wa kipindi cha televisheni cha Top Gear, mwaka 2003, wakaifunga ufukweni ikafunikwa na maji ya bahari, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo na kulibomoa jengo, ikawaka. Nakubali, na napenda kwamba fundi alipewa vifaa vya kawaida tu bila piyesi (spea) mpya. Lakini hiyo inakuambia moteri itawaka. Haikuambii itageuka vipi: gazeti la magari la Sweden liliijaribu Hilux mwaka 2016 kwenye kona ya kukwepa kitu barabarani, ikainua matairi ya upande mmoja. Gari nzuri hiyo hiyo.

Nilitaka tukae kwenye nguvu za moteri, saa inakimbia, kwa kifupi tu. Nguvu za farasi za kwenye karatasi zimepimwa chini, karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,500, na ukipita Sake ukianza kupanda unazidi. Moteri isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza kama asilimia 10 kila mita 1,000 juu hewa ni nyepesi. Ile Land Cruiser nyeupe ya ma-ONG, mashirika ya misaada, yenye moteri ya 1HZ, lita 4.2, farasi kama 130, hapa unaendesha kama 110. Haina turbo na bado naipenda, juu mazutu yetu machafu haiyaogopi sana na kila fundi njiani anaijua. Mwenye turbo anapoteza kidogo, lakini turbo ikifa kule Kitchanga, mbali milimani, atalala njiani. Matairi, breki za mteremko, hizo tutazifanya siku nyingine, zinataka siku nzima.

Wale sita wa viazi wako hapa? Nawaona. Pikapu mnayotaka kununua iko pale nje, mwenyewe ameileta, nimemwomba. Mmoja wenu alete karatasi na kalamu, tukafungue mlango wa dereva, tusome mstari wa kwanza, halafu mnipandie wote sita ndani tuanze kutoa.