Kaza Juu, Usisukume Chini: Misuli Inayobeba Kibofu na Kizazi

Akina mama na dada zangu, karibuni. Niko nyumbani Nyalenda, Kisumu, na hapa mkekani nina beseni nililolikata kitako, leso, kamba, kipande cha paipu, mfuko wa plastiki wenye maji, na parachichi. Kazi yangu ni fiziotherapia. Somo hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu wengi wetu tunavuja mkojo tukicheka na tunanyamaza.

Beseni ni mifupa ya nyonga. Leso naifunga chini yake, ikaze kabisa: mbele inashika mfupa wa kinena, nyuma inashika kifandugu. Hiyo leso ndiyo misuli yetu, na ina milango mitatu, wa mkojo, wa uke na wa haja kubwa. Juu yake mbele naweka mfuko wa maji, ndio kibofu. Paipu inakaa nyuma, mwisho wa utumbo mkubwa. Katikati parachichi, shingo ikitazama chini. Kizazi kisicho na mimba kina umbo kama hili, ila ni kidogo zaidi. Parachichi nimelifunga kamba huku na huku. Hizo ni kano.

Sasa angalieni nikilegeza fundo la nyuma... Ngoja, mwanangu, sogeza simu, mwanga wa dirisha unatuzuia. Teremsha kidogo. Hapo.

Mnaona? Parachichi linashuka. Kamba hazijakatika, lakini leso imeziachia mzigo wote, nazo zitabeba kutwa kucha mpaka zilegee. Kizazi hushuka hivyohivyo. Wakati mwingine kinachoshuka ni kibofu, kikaubonyeza ukuta wa mbele wa uke, au utumbo ukabonyeza ule wa nyuma. Na mkojo je? Mrija wake umeegemea leso hii. Ukikohoa, tumbo linasukuma chini; leso iliyokaza inaubana mrija, iliyolegea inauachia.

Kinacholegeza zaidi ni uzazi wa kawaida. Kichwa cha mtoto kikipita, sehemu ya ndani ya misuli hii hutanuka zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Ongeza kikohozi kisichoisha, choo kigumu, mizigo mizito na kukoma kwa hedhi.

Haya, zoezi. Wengi huliita Kegel, kwa jina la daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyeliandikia mwaka 1948. Kojoa kwanza. Lala chali, kunja magoti. Sasa fanya kama unazuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele, kwa pamoja, kisha PANDISHA kuelekea kitovuni.

Pandisha. Usisukume. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Baada ya mtoto wangu wa pili nilifanya zoezi hili miezi miwili nikisukuma chini kama mtu mwenye choo kigumu, na mkojo ukazidi kuniponyoka. Nilijua maumbile yote haya kwa vitabu, na mwili wangu ulikuwa ukifanya kinyume. Mwenzangu kazini ndiye aliyeniambia nichukue kioo.

Kwa hiyo chukua kioo kidogo, jifungie chumbani, tazama. Ukikaza, nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa inaingia ndani na kupanda. Ikitokeza nje, acha papo hapo, pumzika, anza upya. Matako yasikaze, mapaja yasikaze, pumzi usiizuie. Hesabu kwa sauti ili upumue. Narudia: ikitokeza nje, unasukuma.

Shikilia sekunde tatu ukianza, ukizoea fika sita hadi nane. Kisha achia kabisa kwa muda uleule, maana kuachia nako ni nusu ya zoezi. Mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Na usifanye zoezi ukiwa unakojoa. Mkojo uache uishe.

Mimi hupenda kukaa juu ya taulo lililokunjwa, unahisi misuli inavyoachana nalo.

Kukohoa au kupiga chafya: kaza kwanza, ndipo ukohoe. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Usogee karibu na mwili, kunja magoti, kaza, toa pumzi huku ukiinua. Mwanangu, nionyeshe mtungi... haya, tumeona.

Ukiona uvimbe umetokeza nje ya uke, usingoje miezi mitatu, nenda kliniki. Kuna pete ya silikoni, pesari, inayowekwa ndani kushikilia, na kuna upasuaji. Na mama anayevuja usiku na mchana bila kukatika baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Nenda hospitali mapema, mama.

Tufanye nane pamoja. Kioo kipo? Kaza, pandisha... moja, mbili, tatu. Achia, achia yote. Tena. Pandisha, usisukume...