Ndoo ya Mwingereza kwa Kihispania

Nashukuru kwa kunikaribisha tena. Kwenye bango mmeandika kwamba nitazungumzia changamoto za tafsiri. Mnisamehe, hizo sitazigusa. Nitazungumzia ndoo. Naona walionisikia mwaka jana wanacheka, maana mwaka jana pia ilikuwa ndoo. Siku nitakayosahihisha tafsiri ya Kiingereza kwenda Kihispania nikakuta ndoo imekaa sawasawa, siku hiyo nitahamia kwenye sufuria.

Mwingereza ana neno lake, "bucket". Mwanafunzi wangu analitafuta kwenye kamusi, anakuta "cubo, balde, cubeta", yote mstari mmoja, yametenganishwa kwa mkato. Anachukua la kwanza. Kwa nini la kwanza? Kwa sababu limetangulia! Ndugu zangu, nyuma ya ule mkato mdogo imefichwa bahari ya Atlantiki nzima. Hispania watu wanapigia deki kwa "cubo". Mexico ni "cubeta". Ukishuka Peru, Chile, Argentina, ni "balde". Venezuela wana "tobo" lao. Na msidhani ukikosea utakuwa umeteleza kidogo tu. Mwambie mtu wa Madrid "cubeta", huenda akaona kisinia kipana cha plastiki, kile ambacho wapiga picha wa zamani walikuwa wakisafishia picha. Na "cubo" lenyewe, kwa Wahispania wote, ni jina la umbo la mchemraba pia.

Mfano ninaoupenda ni huu, na nitaurudia hadi mnikataze. Chukua sentensi ya Kiingereza: mfanyakazi wa hoteli Guadalajara ameacha ndoo ngazini. Tafsiri. Mmoja ananiandikia "cubo", mwingine "cubeta", wanaanza kubishana, kila mmoja ana kamusi yake mkononi. Hakuna aliyeniuliza, Guadalajara ipi? Kuna Guadalajara ya Hispania, mwendo usiozidi saa moja na kitu kutoka Madrid, na kuna Guadalajara ya Mexico, mji mkuu wa jimbo la Jalisco, ambao ulipewa jina la ile ya kwanza. Kwenye ya kwanza mfanyakazi kaacha "cubo". Kwenye ya pili kaacha "cubeta". Jibu haliko kwenye kamusi, liko kwa mwenye kazi, na simu inapigika.

Namwona kaka pale nyuma anatikisa kichwa. Unataka kusema, mwalimu, si wanaelewana tu? Mtu wa Mexico akisoma "balde" atakufa? Hafi. Ataelewa. Lakini jiulize mwenyewe. Mkenya akikuandikia kwamba ametumwa kuchota maji na mtungi, anaona dumu la plastiki la lita 20. Bibi wa Tanga akisoma sentensi hiyohiyo anaona chombo cha udongo, na kijana wa Dar es Salaam anaona gesi ya kupikia. Wote wameelewa Kiswahili. Nani ameona alichokiona mwandishi? Mtu anayesoma riwaya hataki kila ukurasa akumbuke kwamba ameandikiwa na mgeni.

Mwaka 2014 dunia nzima ilikuwa inajimwagia maji ya barafu kuchangia utafiti wa ALS, ugonjwa wa neva unaolemaza misuli. Mchezo mmoja, wiki zilezile, video zilezile. Magazeti ya Hispania yakaandika "cubo", ya Mexico yakaandika "cubeta", ya Amerika ya Kusini "balde". Hakuna mkutano ulioitishwa. Kila mhariri alijua wasomaji wake wanaogea nini. Basi na wewe jua!

Mtaniuliza, je, hakuna Kihispania cha wote, kile cha filamu zinazotiwa sauti kwa bara zima? Kipo, na kina kazi yake, hasa kwenye maelekezo ya mashine ya kufulia. Ukikitumia kumpa sauti mama wa Caracas anayemfokea mwanawe uani, umemwua mama huyo. Tuendelee.

Sasa misemo. Mwingereza anasema mtu "amepiga teke ndoo", maana yake amekufa. Msemo huu umo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapishwa London mwaka 1785. Kuhusu asili yake, wengine wanasema "bucket" hapa ni boriti ambayo nguruwe alitundikwa akichinjwa, miguu ikigonga; wengine wanasema ni ndoo anayosimama mtu anayejinyonga. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniletea kurasa tatu za mjadala huu na nusu ukurasa wa tafsiri. Mimi naanza kusoma hiyo nusu.

Kamusi inasema, mkabala wake ni "estirar la pata", kunyoosha mguu. Sawa. Lakini "pata" ni mguu wa mnyama au wa meza. Mguu wa mtu mwenye heshima zake ni "pierna". Kwa hiyo ni msemo wa mzaha, wenye dharau kidogo, na hapo unalingana na Kiingereza vizuri. Mexico wana "colgar los tenis", kutundika raba. Hispania kuna "palmarla". Yote ni ya baraza na ya baa. Kwenye tangazo la msiba utaandika "falleció", kama sisi tunavyosema ameaga dunia. Hakuna anayesimama msibani kutangaza kwamba marehemu amekata kamba. Nimeshaona tafsiri ambamo daktari, kwenye Kiingereza, anasema kwa upole "amefariki", halafu kwenye Kihispania daktari huyohuyo ananyoosha pata ya mgonjwa mbele ya mjane. Mtafsiri alisema alitaka "kuchangamsha lugha". Msiba hauchangamshwi.

Kutokana na teke hilo Waingereza wakapata orodha ya ndoo, mambo ambayo mtu anataka kuyafanya kabla hajafa. Filamu ya Rob Reiner ya mwaka 2007, "The Bucket List", ya Jack Nicholson na Morgan Freeman, ndiyo iliyoeneza jina hilo. Kwa Kihispania? Hispania iliitwa "Ahora o nunca", sasa au kamwe. Amerika ya Kusini ikaitwa "Antes de partir", kabla ya kuondoka. Ndoo imetupwa kote kuwili, na sioni kosa. Bila teke, orodha ya ndoo ni orodha ya vifaa vya usafi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Tone kwenye ndoo, yaani kitu kidogo mno: limo kwenye Biblia, Isaya 40:15, na Reina-Valera, Biblia ya Kihispania, toleo la 1960, ina "cubo", na sisi tuna ndoo yetu hapohapo. Lakini kwenye mazungumzo ya kawaida Mhispania atasema tone baharini, "una gota en el mar". Mvua ya ndoo ni "llover a cántaros", na "cántaro" ni mtungi, ule wa bibi wa Tanga. Kutokwa jasho la ndoo, nendeni "sudar la gota gorda". Kiti cha gari la mashindano, "bucket seat", nakiacha.

La mwisho, kwa wanaotafsiri kurudi upande wa pili. Mkikuta "en balde", hakuna ndoo humo. "Los años no pasan en balde", miaka haipiti bure. Hilo ni neno jingine kabisa, limetoka kwenye Kiarabu "bātil" enzi za Waarabu wa Andalusia, na ni neno lilelile lililotupa sisi batili na ubatili. Wiki iliyopita nimesahihisha kazi ambayo miaka ilikuwa haipiti ndani ya ndoo. Aliyeiandika yumo humu ukumbini, amekaa karibu na dirisha, na swali la kwanza naanza naye.