Mbuzi kwenye databesi

NEEMA: Haya tupo hewani, leo tulipanga kuongelea psql, ile programu ya kuuliza databesi ya Postgres kwenye teminali, namna ya kufanya majibu yake yasomeke bila kuumiza macho, tuna vitu vitatu. Ila Sele, kabla hatujaanza, wiki hii nimekutana na mbuzi.

SELE: Wa sikukuu?

NEEMA: We acha tu. Nimeingia seva ya kazini, akaunti ni ile moja tunatumia wote, natafuta wateja wasio na namba ya simu, napiga SELECT yangu, ile amri ya kuomba data, kolamu ya simu imejaa mbuzi. Emoji ya mbuzi, mpaka chini. Kufungua .psqlrc, faili la mipangilio ambalo psql inalisoma ikianza, mtu kaandika \pset null '🐐', yaani penye NULL, pasipo na thamani yoyote, aonekane mbuzi.

SELE: (anacheka) Huyo apewe cheo.

NEEMA: Apewe barua!

SELE: Sasa sikiliza da Neema. Usipogusa kitu, psql inaonyesha NULL patupu, na stringi isiyo na herufi hata moja nayo patupu, sasa utamjuaje ambaye namba yake haijawahi kujazwa na yule ambaye fomu imeingiza '' tu? Mbuzi anakuonyesha hapohapo, huandiki WHERE ya kuchuja wala nini.

NEEMA: Sikatai NULL ionekane, hata mimi kwenye laptop yangu nimeweka (null). Nakataa kuiweka kwenye akaunti ya wote, kwa sababu usiku kuna skripti inaendesha psql --csv -c, yaani swali linapewa palepale kwenye amri na majibu yanatoka kwa CSV, inatoa ripoti, inaenda kwa wahasibu.

SELE: Usiniambie.

NEEMA: Mhasibu kanipigia, "dada, hawa mbuzi tunawaandika wapi?"

SELE: Mali zinazohamishika!

NEEMA: Sele.

SELE: Si wanatembea jamani! Haya, haya. Lakini hiyo skripti ndiyo mbovu, mbuzi umuache. Ilitakiwa iwe na -X ili isisome .psqlrc kabisa. Zamani ukitumia -c ilikuwa haiisomi yenyewe, ila toka toleo la 9.6 la mwaka 2016 inaisoma. Au wangetumia \copy ya kutoa data kwenda kwenye faili, ile haina habari na \pset yako.

NEEMA: Hayo unayajua wewe. Aliyeandika skripti alishaacha kazi, na aliyeweka mbuzi hakujua kama kuna skripti. Ndo maana nasema akaunti ya wote ibaki kama ilivyotoka, anayetaka mapambo aweke kwake.

SELE: Kwa hiyo watu kumi wafanye kazi gizani kisa skripti moja ya mtu aliyeacha kazi?

NEEMA: Ndiyo.

SELE: Hapana bwana, hiyo siikubali. Mtu atafuta rekodi za watu kwa kudhani patupu zote ni sawa.

NEEMA: Na mimi siikubali ya kwako. Atapika data ya wahasibu.

SELE: Atapika mchuzi wa mbuzi.

NEEMA: (anacheka) Toka! Haya, vitu vitatu. Cha kwanza \x auto, mstari ukiwa mpana kuliko skrini psql inaugeuza, kila kolamu inakaa mstari wake, ukiwa mfupi inabaki jedwali la kawaida. Na ukitaka kwa swali moja tu, unamalizia na \gx badala ya nukta mkato. Cha pili...

SELE: Border 2 na linestyle unicode kwenye \pset, mistari ya jedwali inaungana vizuri. Mbuzi anapata zizi.

NEEMA: Sele jamani, Luku inalia hiyo.

SELE: Yuniti zimebaki ngapi?

NEEMA: Sifuri nukta kitu. Na cha tatu kilikuwa peja, ile ya kusoma majibu marefu ukurasa kwa ukurasa, ndicho kirefu.

SELE: Peja tuiache. Ila ile -X...

NEEMA: Ya skripti, siyo ya akaunti!

SELE: Ya skripti, ndiyo nilichosema toka mwanzo, kwa hiyo akaunti inaweza kuwa na...

NEEMA: Haiwezi. Kwaherini jamani, sevu faili haraka kabla haija